Mwajiri kafutiwa leseni, mlezi kapewa siku 60

Leo naomba tuzungumze kuhusu barua. Si barua ya posa wala ya mapenzi. Ni barua inayotoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, na mara nyingi inamkuta mtu ametoka zamu ya usiku, mikono bado inanuka sabuni ya kuogeshea wazee. Kwa ufupi inamwambia hivi: kampuni iliyokudhamini imefutiwa leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje, kwa hiyo viza yako imefupishwa. Una siku 60. Ndani ya siku hizo tafuta mwajiri mwingine mwenye leseni na uombe viza upya. Ukishindwa, funga virago.

Soma tena kama hukuelewa. Aliyekosa ni mwajiri, anayehesabiwa siku ni mlezi. (Nitawaita walezi, hawa wanaohudumia wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu majumbani na kwenye nyumba za wazee. Sijapata neno zuri zaidi.)

Kwa hesabu za serikali ya Uingereza yenyewe, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 kampuni zaidi ya 470 za huduma hizi zilifutiwa leseni za udhamini. Wafanyakazi waliowahi kuhusishwa na kampuni hizo tangu Oktoba 2020 ni zaidi ya 39,000. Huo ni mji mzima wa watu. Na miongoni mwao wamo watu wetu. Zamani tulikuwa tukiita kila kazi ya ughaibuni "kubeba boksi", tukacheka, lakini wengi wa hao ndugu zetu hawakubeba boksi lolote. Walikuwa wakigeuza wazee kitandani.

Mimi nilitaka kujua jambo moja: nani alibuni mpango huu ambao mwajiri akiharibu anaadhibiwa mfanyakazi? Nimesoma taarifa za ukaguzi, miongozo ya uhamiaji na hukumu za mahakama (usomaji unaochosha kuliko hotuba ya bajeti, niamini) na nikakuta kwamba kamba hii haikusokotwa mwaka 2022 walezi walipofunguliwa mlango. Ni ya zamani. Imefungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Hilo la kufunguliwa ndilo lililonifanya niandike.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1948. Watu kutoka visiwa vya Karibi walioshuka kwenye meli ya Empire Windrush pale Tilbury mwezi Juni hawakuwa na mdhamini. Walikuwa watu wa himaya, na sheria ya uraia iliyopitishwa mwaka huohuo ikaithibitisha haki yao. Wiki mbili baadaye, tarehe 5 Julai, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ikazaliwa, na miaka iliyofuata wasichana wengi wa Karibi wakaingia hospitalini kama wauguzi na wasafishaji. Maisha yao hayakuwa mepesi. Kulikuwa na ubaguzi wa wazi, wa mchana kweupe. Lakini kisheria, aliyechoshwa na bosi wake aliweza kuacha kazi Ijumaa akaanza kwingine Jumatatu, bila afisa uhamiaji yeyote kuhusika.

Mwaka 1962 ikaja sheria ya wahamiaji wa Jumuiya ya Madola, na pamoja nayo vocha. Vocha za kundi la kwanza zilikuwa za watu ambao tayari mwajiri fulani aliyeko Uingereza anawasubiri. Mwaka 1968 sheria ikakazwa tena, safari hiyo kwa sababu ya Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza. Bunge la London liliipitisha kwa siku chache tu, kana kwamba nyumba inaungua. Halafu ikaja sheria ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1973, ikaondoa vocha na kuweka kibali cha kazi, yaani ruhusa ya kufanya kazi fulani kwa mwajiri fulani. Ukimwacha mwajiri, umeiacha na ruhusa. Hapo ndipo fundo la kwanza lilipofungwa.

Sasa angalieni wafanyakazi wa ndani. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uingereza iliwaruhusu matajiri, wengi kutoka Ghuba, kuingia nchini na watumishi wao wa nyumbani. Mtumishi alikuwa wa bwana wake. Akipigwa akakimbia, basi kuanzia dakika anayovuka mlango anaishi nchini kinyume cha sheria. Sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili, neno kafili tunalijua vizuri, na tunao dada zetu waliorudi kutoka huko na hadithi ambazo hawamalizii. Tofauti ni kwamba huyu kafili alikuwa akiishi London.

Mwaka 1987 likaanzishwa shirika liitwalo Kalayaan kuwatetea watumishi hao. Walipigania jambo moja kwa miaka zaidi ya 10, na mwaka 1998 serikali ikakubali: mtumishi wa nyumbani aliyeingia na mwajiri wake aliruhusiwa kubadili mwajiri. Hakulazimika kupata mdhamini mpya mwenye leseni, wala hakuhesabiwa siku. Alitafuta nyumba nyingine ya kufanyia kazi hiyohiyo na kuongeza viza yake kila mwaka. Mpango huo uliendelea kwa miaka 14. Uingereza haikuzama baharini.

Aprili 2012 serikali ikaufuta. Viza ikawa ya miezi 6, isiyoongezwa, na hakuna kubadili mwajiri. Kelele zikapigwa, serikali yenyewe ikaagiza uchunguzi, na mwaka 2016 wakarudisha nusu ya haki ile: unaweza kubadili mwajiri, ila ndani ya miezi ileile 6. Sijui ni mwajiri gani mwenye akili atamchukua mtu aliyebakiza wiki 7, lakini kwenye karatasi haki ipo.

Nimekaa hapo kwa sababu watu wakizungumzia walezi husema hakuna njia nyingine, mfumo ndivyo ulivyo. Njia nyingine ilikuwepo, na waliijaribu wao wenyewe.

Leseni nayo ina historia yake. Mwaka 2008 Uingereza ilianza mfumo wake wa pointi. Badala ya serikali kutoa kibali kimoja kimoja, mwajiri anaomba leseni ya udhamini, kisha yeye ndiye anayetoa cheti cha udhamini kwa kila mfanyakazi wa kigeni. Kwa kupewa mamlaka hayo anabeba kazi ya upolisi: kutunza kumbukumbu, kuripoti mtu asipofika kazini, kufungua mlango wakaguzi wakija. Akifanya vibaya leseni inasimamishwa, anapewa siku 20 za kazi za kujieleza, na maelezo yakikataliwa inafutwa. Hakuna rufaa ya kawaida, labda aende Mahakama Kuu kuupinga uamuzi wenyewe.

Wa kwanza kuonja ladha ya siku 60 kwa wingi na hadharani hawakuwa walezi, walikuwa wanafunzi. Agosti 2012 chuo kikuu cha London Metropolitan kilifutiwa leseni yake ya kudhamini wanafunzi wa kigeni. Wanafunzi zaidi ya 2,000 wakaambiwa watafute chuo kingine ndani ya siku 60 au waondoke. Luninga zilijaa, wabunge walisimama, kikaundwa kikosi kazi, na mahakama ikaruhusu waliokwisha kuanza waendelee na masomo. Ilionekana wazi kwa kila mtu kwamba kumwadhibu mwanafunzi kwa makosa ya ofisi ya usajili ni kichekesho. Walezi wengi waliopata barua yao miaka 10 na zaidi baadaye waliipata peke yao, chumbani, na hakuna kamera iliyofika.

Lakini kwa nini walezi, na kwa nini wengi hivyo? Hapo lazima tuingie kwenye biashara ya uzee.

Mwaka 1990 Uingereza ilipitisha sheria ya huduma za afya na za jamii, iliyoanza kufanya kazi kikamilifu Aprili 1993. Kabla ya hapo, mlezi aliyekuja nyumbani kumwogesha bibi kwa kawaida alikuwa mwajiriwa wa halmashauri. Mwaka 1993 takriban asilimia 95 ya huduma za majumbani zinazolipiwa na halmashauri zilitolewa na halmashauri zenyewe. Kufikia 2012 ilikuwa kama asilimia 11. Zilizobaki zilikwenda kwa kampuni binafsi, nyingi ndogondogo, zinazoshindania tenda kwa kupunguza bei. Ukipunguza bei unapunguza nini? Kazi hii haina mashine wala malighafi. Ina mshahara tu. Ndiyo maana kukawa na ziara za dakika 15 kwa mzee, na walezi wasiolipwa muda wa kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Waingereza wenyewe wakaanza kuzikimbia kazi hizi, maana kupanga bidhaa kwenye supamaketi kulilipa sawa na hakuna anayekutapikia.

Kwa miaka mingi pengo hilo liliwahi kuzibwa kwa sehemu na watu wa Ulaya Mashariki waliokuwa na haki ya kufanya kazi popote. Haki hiyo iliisha tarehe 31 Desemba 2020 pamoja na Brexit. Ukiongeza uchovu wa korona, nafasi zilizokosa watu huko England zikafika kama 165,000 katika mwaka wa 2021/22, yaani zaidi ya nafasi 1 katika kila 10. Serikali ikasalimu amri. Tarehe 15 Februari 2022 walezi wa kawaida wakaruhusiwa kuingia kwa viza ya wafanyakazi wa afya, mshahara usiopungua pauni 20,480 kwa mwaka.

Jamani, mlango ukafunguka na dunia ikaingia. India, Nigeria, Zimbabwe, Ghana, na sisi pia. Katika mwaka mmoja ulioishia Septemba 2023 waliingia walezi wapatao 100,000, na wategemezi wao kama 120,000.

Sasa fikiri. Umechukua sekta ya kampuni ndogondogo zinazoishi kwa kubana mshahara, ukazipa uwezo wa kugawa kitu ambacho watu wa nusu ya dunia wako tayari kuuza shamba wakipate. Cheti cha udhamini kikawa bidhaa. Mkaguzi Mkuu Huru wa Mipaka na Uhamiaji, David Neal, alichunguza mambo haya mwaka 2023. Taarifa yake ilitoka Machi 2024, yeye mwenyewe akiwa ameshafukuzwa kazi mwezi uliotangulia. Aligundua vyeti 275 vilitolewa kwa nyumba ya wazee ambayo HAIPO. Kampuni nyingine iliyosema ina wafanyakazi 4 wakati wa kuomba leseni ilipewa vyeti 1,234. Na wizara ilikuwa na afisa mmoja wa ukaguzi kwa kila waajiri 1,600 wenye leseni. Afisa mmoja! Hata bwana afya wa soko la kata ana nafuu.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Biashara hii haikufanywa na wazungu peke yao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inakataza wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi, kwa hiyo pesa zililipwa huku kwetu, kwenye ofisi za ghorofa ya pili zenye picha ya Big Ben mlangoni. Nairobi zipo, Kampala zipo, na hapa Dar zipo. Kenya ilikuwa na makubaliano rasmi na Uingereza tangu Julai 2021, lakini makubaliano hayo hayakumzuia wakala wa mtaani kuuza anachouza. Wengi wao wanaongea Kiswahili kizuri tu.

Nimezungumza na dada mmoja wa Kenya aliyepitia haya. Alifika mji mmoja wa katikati ya England mwaka 2023. Mkataba ulisema saa 39 kwa wiki. Wiki nyingi alipata saa 10 au 12, nyingine sifuri, na alipouliza, bosi alimjibu kwa upole kwamba anaweza kumripoti wizarani wakati wowote. Hakuhitaji kupandisha sauti. "Mdogo wangu," aliniambia, "yule mtu alikuwa ameshika viza yangu kama rimoti." Kampuni iliposimamishwa leseni alifurahi, akadhani sasa haki imefika. Miezi miwili baadaye ikaja barua yake yeye.

Alituma maombi, anasema aliacha kuhesabu yalipopita 100. Mwajiri mpya alipatikana siku ya 54, ombi la viza likaingia siku ya 58. Mkafikiri yamekwisha? Kanuni inasema hauanzi kazi mpya hadi viza mpya ikubaliwe. Mtu wa kawaida anayehama kampuni huendelea na kazi yake ya zamani wakati akisubiri. Yeye kazi ya zamani haikuwepo tena, na viza yake haimruhusu kupokea msaada wa serikali. Alisubiri wiki 9 bila shilingi. Alikula chakula cha msaada cha kanisa, na wenzake wakamfanyia harambee kwenye kundi la WhatsApp. Huyo ndiye aliyefanikiwa.

Kwa nini ilichukua muda wote huo kupata mwajiri katika nchi inayolia haina walezi? Swali hili nilimpelekea mama mmoja Mtanzania mwenye kampuni ndogo ya huduma za majumbani, anaishi huko tangu miaka ya tisini. Nilitarajia aniambie habari za ubaguzi. Akanipa hesabu.

Kumchukua mlezi wa namna hii, mwanangu, alisema, si kama kuchukua mtu mwenye kibali chake. Kwanza niwe na leseni, na kampuni iwe imesajiliwa na tume ya ubora wa huduma, jambo ambalo ni la lazima huku England kwa mwajiri anayedhamini tangu Machi 2024. Kisha niombe cheti wizarani, na baada ya yale madudu ya vyeti 275 wizara haitoi tena kirahisi: wanataka kuona mikataba ya halmashauri, ratiba, saa za kila mteja. Majibu yanaweza kuchukua wiki nyingi, na yule binti ana siku 60 tu. Cheti ni pauni 525 tangu Aprili 2025. Kuna tozo ya ujuzi ya kila mwaka, pauni 364 kwa kampuni ndogo, ikapanda kuwa 480 Desemba 2025. Gharama ya cheti siruhusiwi kumdai mfanyakazi, ilikatazwa kuanzia tarehe 31 Desemba 2024, na ni haki, walikuwa wakiwanyonya. Lakini halmashauri hainiongezei senti kwa sababu hiyo.

Akaendelea. Mfanyakazi huyo lazima nimlipe pauni 12.82 kwa saa, ilhali Aprili 2025 kima cha chini cha wengine wote kilikuwa 12.21. Lazima nimhakikishie saa za kutosha kufikisha pauni 25,000 kwa mwaka, na mimi mzee wangu akilazwa au akifa, saa zake zinaondoka naye. Halafu barua ya sifa za kazi. Nimwandikie nani? Kampuni aliyotoka imefungwa, simu haipokelewi, na hati zake za mshahara zina mapengo kwa sababu walikuwa hawampi saa. Kwenye karatasi anaonekana mvivu. Na gari! Kazi zangu ni za kutoka kijiji hadi kijiji. Leseni ya nje inamruhusu kuendesha mwaka mmoja tu, na wengi mwaka ulishapita wakiwa wamekaa chumbani wakisubiri saa.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema lile ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote: anaogopa. Kila cheti anachoomba ni sababu ya wakaguzi kumwangalia. Akikosea makaratasi ya mtu mmoja anaweza kufutiwa leseni, na wale aliowadhamini tayari wakapata barua ileile. Kwa hiyo mwajiri mwema anakaa kando kwa uangalifu wake, na asiyejali ndiye anayejitokeza haraka, akiwa na masharti yake. Wapo waliotoka mikononi mwa tapeli wa kwanza wakaangukia kwa wa pili, wakalipa tena. Sheria iliyokuja kuwinda matapeli imewaletea wateja wenye haraka.

Serikali ya Uingereza haikukaa kimya kabisa, tuwe waungwana. Mwaka 2024 iliweka ofisi za ushirikiano wa mikoa ambako mlezi aliyepoteza mdhamini angesajiliwa na kuunganishwa na mwajiri mpya, na fungu la pauni milioni 16 likatengwa. Tarehe 9 Aprili 2025 ikaja kanuni kwamba mwajiri wa England anayetaka mlezi kutoka nje athibitishe kwanza kuwa amejaribu kuajiri kutoka kwa hawa waliokwama nchini. Jina la Kiingereza walilolipa kundi hilo ukilitafsiri ni "dimbwi". Walilipata vizuri, maana dimbwini maji hayaendi popote. Takwimu alizozipata mtetezi wa haki za wafanyakazi, shirika la Work Rights Centre, zilionyesha kuwa kati ya walezi karibu 28,000 waliopelekwa kwenye mpango huo kati ya Mei 2024 na Aprili 2025, waliotoa taarifa kwamba wamepata kazi mpya walikuwa 941. Ni asilimia 3.4. Bila shaka wapo waliopata kwa njia zao wasiripoti, kama yule dada. Hata ukizidisha mara tano bado ni aibu.

Tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri walezi kutoka nje ukafungwa. Ulidumu miaka mitatu na nusu hivi. Wapo watakaosema sasa waajiri watalazimika kuwachukua waliomo. Kwa hesabu za yule mama sidhani, kwa sababu kilichomzuia hakikuwa wingi wa walezi wa kutoka Mombasa au Lagos. Kilichomzuia ni cheti, saa, gari na hofu, na vyote hivyo vipo palepale.

Mahakama nayo imesema neno lake. Kampuni za huduma zilizofutiwa leseni zilikwenda kulalamika kwamba wizara, kabla ya kufuta, ilipaswa kupima madhara kwa wazee watakaobaki bila mlezi na kwa wafanyakazi watakaopoteza viza. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Prestwick Care ikasema hapana, wizara haina wajibu wa kufanya tathmini hiyo pana. Kisheria pengine wamesema sawa, mimi si mwanasheria. Ila nimeisoma nikiwa na picha ya mzee mmoja aliyezoea mikono ya mtu fulani kwa miaka miwili, ambaye Jumatatu moja anafunguliwa mlango na mgeni, na hakuna aliyewajibika kumfikiria kabla.

Sisemi leseni zisifutwe. Kampuni yenye wafanyakazi 4 na vyeti 1,234 ilistahili kufutiwa jana. Ninachouliza ni kwa nini viza ya mlezi iliandikwa juu ya jina la kampuni, badala ya kuandikwa juu ya kazi yenyewe, kama ilivyokuwa kwa wale watumishi wa nyumbani kati ya 1998 na 2012. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kimekuwa kikidai mlezi awe huru kuhama ndani ya sekta. Hata serikali, katika waraka wake wa uhamiaji wa Mei 2025, uleule uliotangaza kufunga mlango, iliandika kwamba itaangalia namna ya kurahisisha wafanyakazi kuhama kutoka mdhamini mmoja mwenye leseni kwenda mwingine. Novemba mwaka huohuo ikapendekeza walezi hawa wasubiri miaka 15 kabla ya kupata ukaazi wa kudumu, badala ya 5. Miaka 15 ya kutegemea kwamba hakuna mwajiri wako hata mmoja atakayeharibu makaratasi yake.

Waliomo nchini wameachiwa kipindi cha mpito cha kuongeza viza na kuhama mwajiri hadi tarehe 22 Julai 2028. Yule dada viza yake mpya ni ya miaka 3. Saa anapata, mshahara unaingia, mwajiri wa sasa anamsifu. Juzi aliniambia kwamba kila mwisho wa mwezi, kabla ya kutuma pesa nyumbani, anafungua kwanza tovuti ya serikali yenye orodha ya wadhamini wenye leseni, anatafuta jina la kampuni yake, anahakikisha bado lipo.